Chumba Kimejaa Hadi Oktoba

Ellenzig, 14 Aprili 1996

Dada Hiltrud,

Nakuandikia nikiomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha majira ya baridi kiwe kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mizabibu imeanza kuchipua, mto umerudi mahali pake baada ya kuingia kwa jirani Alfons mpaka ngazi ya tatu, na shangazi Kätt ametimiza miaka themanini na minane na bado anasema mvinyo wetu unafaa kuoshea madirisha. Marlies anakusalimu sana.

Sasa sikia. Mdogo wako amekuwa mwongoza watalii mwenye cheti. Usicheke kwanza, ngoja nifike mbele.

Unajua daktari alinikataza kupanda mashamba kwa sababu ya magoti, nikamwachia binamu Winfried mizabibu yote. Nikakaa jikoni miezi mitatu nikimwelekeza Marlies namna ya kumenya viazi, mpaka akaniambia nitafute watu wengine wa kuwaelekeza. Nikaona kamati ya utalii inatafuta watu. Nimesoma Jumamosi sita kule Cochem, nimepewa beji na kofia ya kijani yenye unyoya. Marlies alipoiona aliuliza yule ndege alikufa kwa ugonjwa gani.

Wiki iliyopita nilipewa kundi la kwanza: wastaafu tisa kutoka Dortmund. Kazi yenyewe rahisi. Unapanda nao katikati ya mizabibu mpaka kwenye gofu la ngome, wanatazama mto unavyojikunja, unashuka nao, wanakunywa glasi mbili, basi. Njia ile naijua tangu nikiwa na kaptula. Shida ni kwamba nilianza kueleza, na mimi nikieleza siangalii ninapokwenda. Penye sanamu ya Bikira Maria nikashika njia ya kushoto, ambayo Winfried aliifunga kwa waya miaka miwili iliyopita. Tukaruka waya. Tukatokea nyuma ya nyumba ya Alfons, naye alikuwa uani na nguo ya ndani, ananyoa ndevu. Akatutazama wote kumi, povu likimdondoka, akasema: "Ottmar, mto umetoka humu juzi tu, leo unaniletea watu?"

Tulipofika juu nilikuwa nahema kama mashine ya kukamulia zabibu. Mama mmoja wa miaka sabini na tisa, Frau Kuschmierz, akaninyang'anya mkoba akaubeba yeye. "Kaa hapo kidogo, mwanangu," akasema, "ngome haikimbii." Mzee mmoja akauliza nani aliijenga. Dada, nilifanya mtihani juu ya ngome ile ile! Jina likapotea kabisa. Nikamjibu: "Tajiri mmoja." Akaandika kwenye kijitabu chake.

Nawe mbona kimya tangu Krismasi? Au siku hizi mnalipishwa kwa kila neno?

Mdogo wako,
Ottmar


Karibu na Passau, 2 Mei 1996

Mdogo wangu Ottmar,

Amani iwe nawe na nyumba yako. Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, kwa ruhusa ya Mama Mkuu, na Sista Walburga alipofika kwa Alfons na povu lake supu ilimtoka puani. Ana miaka themanini na mitatu, tukaogopa. Basi ukisikia kwamba umeua mtawa, ujue ni yeye.

Kikohozi kimeniacha. Wiki iliyopita tulimzika Sista Notburga, yule aliyekuwa akikufumia soksi zilizokuwa zinakubana. Sasa mezani tuko kumi na wanne. Nilipofika hapa msichana, tulikuwa hatuenei, wengine tulikula kwa zamu. Kuku tumewauza. Mimi nimetolewa jikoni, nimepewa kazi ya kupanga vitabu vya maktaba kwenye masanduku. Ni kazi safi, ila vumbi lake ni la tangu enzi za babu yetu.

Nina swali dogo, la udadisi tu. Kile chumba cha juu ya mahali pa kukamulia zabibu, bado kina jiko la kuni? Na dirisha lake bado linafunguka upande wa mtoni, au lilishakwama? Nauliza tu. Mtu akipanga vitabu kutwa nzima, akili inatembea.

Msalimie wifi yangu. Mwambie namkumbuka katika sala, kila siku, kwa jina.

Kuhusu ngome: mwalimu alitufundisha mimi na wewe kwenye benchi moja la dirishani jina la aliyeijenga. Mimi pia nimelisahau. Kwa hiyo jibu lako ni sahihi.

Dada yako,
Hiltrud


Ellenzig, 9 Juni 1996

Dada Hiltrud,

Nisamehe kuchelewa, msimu umeanza, watu wanatembea mtoni kama siafu. Sote wazima. Shangazi Kätt ameanguka bustanini lakini aliangukia kabichi, kabichi ndiyo iliyoumia. Marlies hajambo, anakusalimu, angekuandikia mwenyewe ila sasa hivi yuko nje anamwagilia.

Uliuliza habari za chumba. Lile jiko la kuni nililing'oa, nimeweka bafu na vitanda viwili vipya kwa ajili ya waendesha baiskeli. Dirisha linafunguka. Lakini chumba kimejaa hadi Oktoba. Kwani kuna sista anataka kuja likizo? Mwambie aandike mapema, labda mwakani.

Sasa nikupe ya mitumbwi. Kamati imenunua mitumbwi minane ya plastiki, rangi ya chungwa, ili wageni wateremke na maji kutoka kwetu mpaka kijiji cha tatu. Ikaulizwa nani ataongoza. Nikanyoosha mkono. Unajua vizuri kwamba sijui kuogelea. Wewe ndiye uliyewahi kunivuta kwa nywele nilipokuwa na miaka sita. Lakini Gisbert wa duka la mikate alikuwa ananitazama, na Gisbert huyu ndiye anayeongoza njia ya miambani, na kila mtu anayasifu mapaja yake. Mkono ukapanda wenyewe.

Nikapewa familia kutoka Kassel: baba, mama, mabinti wawili na bibi yao. Jaketi la kuokolea lililonitosha tumbo halikunifunga kifuani, na lililonifunga kifuani sikuweza kupumulia. Nikachagua kupumua. Tulikwenda vizuri nusu saa. Nikaona korongo wa kijivu amesimama kando ya maji, mrefu, mzuri, nikasimama mtumbwini ili niwaonyeshe.

Bibi yao alinieleza baadaye kwamba korongo hakuruka hata. Alisogea hatua moja tu, akanipisha.

Maji yalinipeleka mpaka kwenye meli ya mizigo iliyokuwa imefungwa gatini. Mke wa nahodha alikuwa anaanika nguo. Akanivuta kwa mti wenye ndoano, akanilaza juu ya sitaha kama kambare, akauliza: "Wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ndiye kiongozi. Akasema: "Wa nini?"

Kofia sikuipata. Ilielekea Koblenz bila mimi.

Wageni walifurahi sana, wameahidi kurudi. Wameomba nisibadilishe chochote.

Ottmar


Karibu na Passau, 20 Juni 1996

Ottmar,

Tuko wazima. Hapa mvua.

Nimefurahi kwamba chumba kimejaa.

Wifi yangu aliniandikia mwezi wa Mei. Barua ilitoka Koblenz, kwa dada yake, pamoja na mitungi miwili ya jamu ya plamu. Hakukusema vibaya hata neno moja. Alitaka tu nijue jamu safari hii imechelewa kwa nini. Kwa hiyo tafadhali usinitumie tena salamu za mtu anayemwagilia bustani iliyo mbali naye kilomita hamsini.

Mambo yako ya mtumbwini nimeyasoma peke yangu. Mezani sikuyasoma.

Hiltrud


Ellenzig, 4 Agosti 1996

Dada,

Barua hii nimeianza mara saba. Sita za kwanza zilikuwa za kuchekesha, nimezichoma.

Marlies aliondoka mwishoni mwa Machi. Nilipokuandikia ile ya kwanza, alikuwa ameshaondoka siku kumi na tisa. Kile chumba cha juu kilikuwa chake, cha mashine ya kushonea, tangu tulipooana. Mimi nikaamua kiwe cha wageni. Sikumwuliza. Alipokuwa kanisani niliita mafundi, tukaitoa mashine yake tukaiweka bandani, karibu na mbolea, nikaifunika na gunia, nikaona nimefanya jambo la upole. Aliporudi alipanda ngazi na koti lake, akaangalia, akashuka. Hakupiga kelele. Akaniambia: "Ottmar, kila mgeni atakayelala mle utampa habari za nyumba hii tangu babu yako. Mimi nimekaa humu na wewe miaka ishirini na sita, hujawahi kuniuliza hata swali moja." Nikamjibu kwa utani. Utani wenyewe siukumbuki. Winfried ndiye aliyembebea mashine mpaka kwenye gari.

Na chumba hakijajaa. Hakijawahi kujaa. Tangu Mei wamelala watu wawili, ndugu kutoka Bremen, nao waliondoka mapema baada ya kuyaona mayai niliyowakaangia. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa akija sista wenu yeyote ataona jikoni hakuna mtu.

Sasa nakuandikia mguu ukiwa juu ya kiti, una plasta mpaka gotini. Hii lazima nikueleze, maana shangazi Kätt atakueleza vibaya zaidi. Wiki mbili zilizopita Gisbert alishikwa na kiuno, na kulikuwa na walimu sita kutoka Uholanzi waliolipia njia ya miambani, ile yenye ngazi za chuma na vyuma vya kukanyagia juu ya mashamba. Njia ile sikuwahi kuipita, naogopa kimo, hata kwenye stuli ya jikoni sipandi. Lakini beji ninayo. Ngazi ya kwanza nilipanda nikiwa nimefumba macho. Ngazi ya pili nikayafungua. Chini niliona paa la kanisa, nikaona mto umekuwa mwembamba kama mkanda, na mikono yangu ikashika chuma ikakataa kuachia. Dada, ilikataa! Niliiambia kwa Kijerumani sanifu na kwa lugha yetu ya nyumbani, haikusikia. Walimu wakanipita mmoja mmoja, kila mmoja akiomba radhi. Wa mwisho alinitilia pipi mdomoni.

Nilikumbatia mwamba saa nzima na dakika arobaini. Wakaja zimamoto wa Ellenzig, yaani Alfons, Winfried na mwana wa Gisbert, na kamba. Alfons alipofika sikioni kwangu alisema: "Ottmar, tulikuwa tunakula." Wakanishusha polepole kama pipa. Kijiji kizima kilikuwa chini. Zilipobaki mita mbili, nikaona ni aibu kufika ardhini kama mzigo, nikajifungua kamba nikaruka. Mguu nimeuvunjia hapo, kwenye mita mbili za salama.

Basi nimekaa. Mtu asiyeweza kutembea anasoma. Nimezisoma barua zako zote tena, za mwaka huu na za mwaka jana, na nimeona mimi ni mpumbavu wa daraja lisilofundishwa Cochem. Kumi na wanne mezani. Kuku wameuzwa. Vitabu vinaingia kwenye masanduku. Halafu unauliza jiko la kuni.

Hiltrud, wanaifunga nyumba yenu?

Ottmar


Karibu na Passau, 11 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Pole sana kwa mguu. Usiukanyage, na usimpe Alfons nafasi ya kuandika chochote kwenye plasta, namfahamu tangu yuko darasa la pili.

Ndiyo. Tunafunga siku ya mwisho ya Septemba. Nyumba imeuzwa, paa lilikuwa linahitaji mamilioni. Sista wenzangu wanapelekwa mjini, kwenye nyumba ya watawa wazee, watapata wauguzi. Mimi nina miaka sitini na mmoja, Ottmar, ndiye mdogo kuliko wote. Nimewaogesha, nimewalisha, naweza kwenda kuendelea kuwaogesha kule. Lakini mwezi wa Aprili nilimwomba Mama Mkuu ruhusa ya kuishi nje mwaka mmoja, nione mimi ni nani nisipokuwa na kengele ya kuniambia. Akasema ndiyo papo hapo. Ningetamani angesita kidogo.

Nilipaswa kukuomba chumba waziwazi. Sikuwa na uso wa kuomba, na nitakwambia kwa nini, halafu tusilizungumze tena, au tulizungumze, utakavyo.

Siku niliyoondoka, Septemba ya hamsini na saba, wewe ulipotea tangu asubuhi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mama alikuwa amekufa miaka mitatu tu kabla, na mimi ndiye niliyekuwa nakufulia. Baba alisema umeenda kufukuza ndege. Basi liliposimama kwenye kona, nikainua macho nikaona kichwa chako kati ya mizabibu, safu ya tatu kutoka barabarani. Ungeweza kusikia kama ningeita. Dereva alikuwa Hennes, angesubiri hata robo saa. Sikuita. Nilijua nikikukaribia sitapanda lile basi. Nikapanda, nikakaa upande wa mtoni ili nisikuone. Watu walinisifu kwa utulivu wangu.

Miaka thelathini na tisa nimekuombea. Ni rahisi kuliko kuomba samahani.

Sasa nawe ucheke kidogo. Nimeanza kujaribu nguo za kiraia kutoka kwenye sanduku la misaada. Nina sketi yenye maua ya alizeti. Sista Walburga aliponiona alisema nafanana na pazia lililotoroka dirishani. Nimejifunza upya baiskeli, kwenye ukumbi mrefu wa chini, nikagonga sanamu ya Mtakatifu Yosefu na kumvunja kidole. Na juzi nilikwenda stesheni kununua tiketi. Kijana wa dirishani akaniuliza: "Ya kwenda tu, au kwenda na kurudi?" Nikasimama. Nikasimama sana. Watu nyuma wakaanza kukohoa. Nikamwambia sijui, nikatoka bila tiketi, nikarudi kwa miguu kilomita saba na sketi yangu ya alizeti.

Kwa hiyo nakuomba, bila kuzunguka na majiko: naweza kuja kukaa kwako? Una ruhusa ya kukataa. Mimi nilikunyima dakika mbili.

Hiltrud


Ellenzig, 18 Agosti 1996

Nunua ya kwenda tu.

Salamu zitafuata chini, nimeona hili litangulie.

Safu ya tatu, ndiyo. Nilikuwa nimejiambia kwamba ukiita nitashuka, usipoita nitakuchukia. Hukuita, nikaanza kukuchukia, lakini sikuwa na kipaji. Nilikula zabibu mbichi nyingi nikiwa nimekaa pale, nikaharisha siku mbili. Baba aliwaambia watu ni huzuni ya kuondokewa na dada. Nilikasirika sana kwamba anasema uongo. Kumbe alikuwa anasema kweli.

Sasa ya Koblenz. Winfried alinipeleka Jumanne. Dada yake Marlies anaishi ghorofa ya tatu, hakuna lifti, nilipanda na magongo nikipumzika kila kona, na mwenye nyumba wa chini alinifungulia mlango akidhani ni mwizi mzembe. Marlies alikuwa anashona. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikayaacha yote, nikamwuliza: "Marlies, wewe unataka nini?"

Dada yake alikuwa anapiga pasi, alipiga shati zima, mbele na nyuma, kabla Marlies hajafungua mdomo. Nami nilinyamaza. Nakwambia miamba ilikuwa rahisi zaidi.

Akasema: "Nataka mahali pa mashine yangu ambapo hatapewa mgeni. Nataka Jumamosi ziwe zangu. Na nataka usinisemee. Usimsalimie mtu kwa niaba yangu, usimwambie mtu nimesema nini juu ya kofia yako."

"Ulisema kweli lakini, juu ya kofia."

"Ottmar."

Nikaiacha kofia. Nikamweleza habari zako. Alikuwa anazijua nusu. Akasema chumba cha juu upewe wewe, mashine itakaa sebule ya mbele, ile niliyotaka wageni wanywee kahawa, na wageni kama wapo watakunywa jikoni. Atakuja Septemba kukiandaa chumba. "Nakuja kwa ajili ya wifi," akasema, "siji kwa ajili yako." Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza nimeelewa nini. Nikarudia maneno yake yote bila kuongeza. Hapo alitaka kucheka, nilimwona, lakini akaurudisha mdomo kwenye sindano.

Shangazi Kätt hajambo. Kabichi haikupona.

Ottmar


Ellenzig, 20 Oktoba 1996

Mdogo wangu Ottmar,

Nakuandikia hapo kwenye nyumba yako ya matibabu ya maji moto, nikitumaini mguu unakunjika na muuguzi wa asubuhi ameacha kukupigia kelele. Nyumbani wote wazima. Winfried ana mafua lakini havuni kwa pua, kwa hiyo kazi inaendelea.

Zabibu zimeiva. Nilivuna siku nne. Marlies alinishonea suruali, ya kwanza maishani mwangu, na siku ya pili niliteleza kwenye mabamba ya mawe nikashuka mita nane kwa makalio, na kapu mkononi, bila kumwaga hata zabibu moja. Alfons alivua kofia. Jioni mifupa yote iliniita kwa jina. Tulikula keki ya vitunguu na mvinyo mpya, na Marlies alilazimika kunivua viatu.

Saa kumi na moja alfajiri bado naamka. Hakuna kengele, lakini naamka. Nakaa dirishani na shela yangu mabegani, nasali sala ninazozikumbuka, na siku nyingine nalia, wala siyo kwa ajili ya jambo moja. Walburga ameandika kwamba kule mjini supu haina chumvi na wauguzi wanamwita "bibi". Sijui mwaka ukiisha nitafanya nini. Nimemwandikia Mama Mkuu hivyo hivyo, kwamba sijui, naye amenijibu kwamba ana nafasi ya kutosha ya kunisubiri.

Nataka nikwambie la stesheni, maana hatukulisema. Ulinipa mkono kama afisa wa forodha, nami nikakupa wangu kama mtu mwenye magendo. Niliona nimefanya kosa kuja. Kisha magongo yako yakaanguka, tukainama wote wawili, tukagongana vichwa, nikakusikia unaniita Hille. Hakuna mtu aliyeniita Hille tangu nilipoondoka nyumbani. Ukaniuliza kama nimeumia. Nikakwambia ndiyo, kichwa. Hakikuwa kichwa.

Sasa usikasirike. Jumatano kamati ilipiga simu: wanakwaya kumi na tisa kutoka Kassel wako stendi, Gisbert bado ana kiuno, na wewe umo kwenye maji moto. Nikasema mimi nitakwenda. Nilivaa viatu vyako vya mlimani, vinanitosha na soksi mbili. Niliwapandisha taratibu kwa njia sahihi. Walipoanza kuuliza, hii ni nini, ile ni ya nani, niliwajibu: "Sijui. Niliondoka hapa nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi wiki mbili zilizopita. Tuangalie pamoja." Basi wakaangalia. Mama mmoja akaniuliza kama niliumia kuondoka. Watu hawa wanauliza hivyo, Ottmar, mlimani, mbele ya kila mtu? Nikamwambia ndiyo, na kurudi pia. Kisha wakaimba, sauti nne, na mtumbwi mmoja wa rangi ya chungwa ulikuwa unapita chini hauna mtu. Nimemwarifu Winfried, ameuvuta.

Marlies alikuja Ijumaa ya kwanza baada ya wewe kwenda huko, na mfuko mmoja. Ijumaa ya pili alikuja na mashine. Tangu Jumanne hajaondoka. Anasema ni kwa sababu ya suruali zangu, na kweli anashona suruali, ila mimi nina miguu miwili tu na tayari kuna tano. Simwulizi. Jana alikuwa anakata viazi akaanza kunieleza mwenyewe mambo ya mwaka mlipooana, nikaacha kisu nikasikiliza mpaka sufuria ikakauka. Mengine nadhani hata wewe huyajui. Muulize.

Jumapili tunakuja kukuona, baada ya misa. Yeye ndiye atakayeendesha. Ameniambia nikuandikie kwamba asikute utani wowote umeandaliwa.

Mimi nasema andaa mmoja. Mfupi.

Hille